Msemaji wa Mama

Kazi aliyopangiwa Subilaga kuisahihisha haikuwa na jina la mwenyewe. Ndivyo chuo kilivyotaka. Ilimfikia Jumanne saa nane mchana, watoto wa darasa la tano wamekwisha kwenda zao na ubao haujafutwa bado. Akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akavaa miwani ya chuo na kuibana vizuri masikioni, maana mvua ya Tukuyu ilikuwa imeanza kupiga bati na hakutaka kelele ile imfunikie maneno.

Chuo Kikuu cha Njia Mbili hakikuwa na geti wala kengele. Mwanafunzi mmoja alikuwa Lodwar, mwingine Bukavu, mwingine yu melini huko mbali, na wote waliingia darasa moja kwa kuvaa miwani. Shahada yake ilikwenda miaka minne. Njia ya kwanza ilikuwa kompyuta, kwa kila mtu bila kubagua. Njia ya pili ilikuwa jambo lolote ambalo mashine haizaliwi nalo, mtu ajichagulie mwenyewe. Wapo waliochukua sheria, wapo waliochukua mapishi, na mchungaji mmoja wa Sumbawanga alichukua mazishi. Subilaga, mwalimu wa Kiswahili, alichukua lugha. Siku alipowaeleza walimu wenzake walimcheka: "Njia mbili zilimshinda fisi, mwalimu. Utapasuka msamba." Hakupasuka. Sasa alikuwa mwaka wa nne, amebakiza jambo moja tu, kuitetea mashine aliyoitengeneza mbele ya jopo.

Mwaka huo wa mwisho wanafunzi walisahihishana. Kila kazi ilisomwa na watatu waliotoka njia nyingine, na sharti lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyekundu juu ya kila faili: Ukimtambua mwenye kazi, jitoe.

Hii ilikuwa ya mtu wa Kompyuta na Muziki, naye alikuwa ameiita Kiitikio. Alieleza kwa lugha nyepesi kwamba kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo huondoka na maneno, lakini nyimbo mara nyingi huziacha, kwa sababu nyingi zimelala upande wa pili. Mgonjwa asiyeweza kuomba maji huweza kuimba ubeti mzima. Basi Kiitikio kiliimba nusu ya mstari, kikanyamaza mahali pa kuitikiwa, kikangoja. Sauti ikitoka, hata iwe nyembamba kama uzi, kiliikuza isikike. Isipotoka, kiliendelea kungoja. "Hakiongezi neno," aliandika mwenye kazi. "Ikibidi kingoje dakika tano, kitangoja."

Dakika tano kwa neno moja! Subilaga alibetua midomo. Akafungua rekodi ya kwanza.

Wimbo ulikuwa wa kumenyea ndizi, wa kuulizana na kujibizana. Mashine iliimba, "Nani yu mlangoni?" Kimya. Kwenye rekodi nako mvua ilikuwa ikinyesha. Kimya kikaendelea mpaka Subilaga akadhani faili limekwama. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mzee, kavu, ikipanda kwa taabu.

"Tu... se."

"Nani yu mlangoni?"

"Tuse."

Subilaga aliivua miwani akaiweka juu ya madaftari. Sauti ile ilikuwa ya mama yake mzazi, ambaye hakuwa ametamka neno kwa kinywa chake kwa mwaka mmoja na miezi minane. Na Tuse alikuwa Tusekile.

*

Tusekile aliletwa nyumbani kwao Lwangwa akiwa na miaka minne, baada ya mama yake mzazi, aliyekuwa mama mdogo wa Subilaga, kufariki. Subilaga mwenyewe alikuwa na kumi na minane, amepata nafasi ya chuo kikuu na sanduku amekwisha kulinunua. Baba hayupo, mama peke yake, na sasa mtoto mdogo. Hakuna aliyemwambia abaki. Alibaki. Alisomea ualimu hapohapo karibu, akirudi nyumbani kila Ijumaa na sabuni na sukari.

Mama yake, Anyambilile, alikuwa akiongoza sauti ya pili kwaya ya kanisani, na katika kile kitoto alipata koo la kuimba. Wakimenya ndizi, wanaimba. Wakifua, wanaimba. Subilaga, ambaye tuni ilikuwa haimkai, aliteka maji. Mama hakuwa mtu wa kusifu watoto. "Asante" ilimtoka kama jino. Lakini kuimbiwa nako ni kusifiwa, na aliyeimbiwa alikuwa Tuse.

Alipojiunga na shahada ya Njia Mbili, miaka ishirini imepita, Subilaga aliitangaza habari ile nyumbani kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Wiki haikuisha, Tusekile akapiga simu kutoka Mbeya: "Dada, umenifungua macho! Na mimi nimejiandikisha. Muziki!" Subilaga alimpongeza. Alipokata simu alikaa kitandani akaitazama ile miwani mpya. Hata huku? Hata huku kanifuata?

Kisha kiharusi kikampiga mama, mkono na mguu wa kulia vikafa, na maneno yakaenda. Subilaga alimhamishia kwenye nyumba ya walimu Tukuyu. Yeye ndiye aliyemgeuza, aliyemwogesha, aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Tusekile alikuja Jumapili asubuhi kukaa na mama, ili dada naye apate kwenda ibadani. Kumbe Jumapili hizo zilikuwa za kurekodi.

Yote haya yalimpitia pale darasani. Siku sita kwa wiki za kubeba ndoo, na jina lililotoka ni Tuse.

Akavaa miwani tena. Mwishoni mwa faili palikuwa na swali: Je, unamtambua mwenye kazi? Akagusa Simtambui. Halafu akaandika, kwa Kiswahili chake safi cha mwalimu, kwamba maneno arobaini na moja kwa miezi tisa hayawezi kuitwa mawasiliano. Kwamba mgonjwa mmoja hatoshi. Kwamba kazi inapendeza masikioni lakini haijakidhi. Kila alichoandika kingeweza kutetewa mbele ya yeyote. Akaituma, akafuta ubao, akaenda nyumbani.

*

"Karibu, mwanangu," mama alimwambia alipoingia. "Pole na kazi."

Sauti ilikuwa ya mama yake wa zamani, nzima, yenye ile mikwaruzo yake ya mwisho wa sentensi. Ilitoka kwenye kisanduku kidogo juu ya meza. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kitini, mdomo umefumba, jicho moja likimfuata binti yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Subilaga, na jina lake Msemaji. Vifungo viwili vilibandikwa, kimoja chini ya kidevu na kingine nyuma ya sikio, vikapokea mitetemo midogo ya neva ambayo mgonjwa huitoa anapotaka kusema. Mitetemo ile ilikuwa vipande tu, kama barua iliyonyeshewa. Msemaji aliijaza kwa kukisia, akitumia ujumbe wa sauti wa miaka kumi na miwili ambao mama alikuwa amewatumia watu kwa simu. Kila sentensi ilizaliwa na namba ya uhakika, moja hadi mia. Mwongozo wa chuo ulisema chini ya sitini mashine inyamaze.

Kwa sitini, wiki ya kwanza Msemaji alisema mara mbili kwa siku. Subilaga hakukivumilia kile kimya. Akashusha kizingiti hadi hamsini, kisha arobaini. Alipofika ishirini mama alifunguka kama bomba. Alisalimia, alishukuru, alibariki. Namba za uhakika zilizokuwa zikimulika pembeni zilimkera Subilaga, akazifuta. Kwenye ripoti aliandika: kizingiti kilirekebishwa kulingana na mahitaji ya mgonjwa.

Sasa alikoroga uji akapeleka kijiko mdomoni kwa mama. Cha kwanza kilimezwa. Cha pili mama alikisukuma kwa mkono wake mzima wa kushoto, akajishika shavu.

"Nimeshiba, mwanangu," Msemaji akasema. "Umenihangaikia mno. Mungu akuzidishie."

Subilaga akauweka mkono wake juu ya ule mkono wa mama, palepale shavuni, akaona machozi yanamtoka. Miaka arobaini kasoro aliyangoja maneno hayo.

*

Jumamosi Tusekile alikuja bila kupiga simu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti iliyoingia chumbani kabla yake, lakini siku hiyo aliingia kimya, akamsalimu mama kwa kupiga magoti, kisha akamfuata dada yake jikoni.

"Kazi yangu imerudishwa, dada. Wawili wamenipitisha, mmoja kanikata. Kazi inayogusa wagonjwa lazima ipitishwe na wote watatu."

Subilaga alikuwa anakata vitunguu. Alishukuru kwamba ni vitunguu. "Kasemaje huyo?"

"Kwamba maneno ni machache." Tusekile alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Na ni kweli ni machache. Ila ni yake, dada. Samahani, sikukuambia. Nilikuwa naimba na mama Jumapili. Nilitaka yafike mia ndiyo nikuite usikie."

"Ungeniambia."

"Niliogopa utadhani nashindana na Msemaji wako."

Subilaga alifuta kisu kwenye kanga. "Utasahihisha, utapeleka tena mwakani. Usilie." Akamshika bega. Bega lilikuwa la moto, na ule mkono wake mwenyewe aliuona kama wa mtu mwingine.

Wiki hiyohiyo Dokta Nekesa, mkuu wa jopo, alimtokea kwenye miwani akiwa na shali yake ya kijani na uso mpana wa furaha. Hospitali tatu za nyanda za juu zilikuwa zimeiona rekodi ya Msemaji. Zilitaka wagonjwa mia mbili wafungiwe kifaa hicho mara tu utetezi ukipita. "Mwalimu, nimefundisha miaka mingi," alisema kwa lafudhi yake ya Bungoma. "Sijaona mgonjwa anaongea hivyo. Ni kama hajaugua!"

Sifa ile ilipaswa kumshibisha. Badala yake usiku na mchana alikuwa anaisikia ile sauti kavu: Tu... se. Alirudia rekodi ile zaidi ya mara ishirini. Alihesabu. Katika maneno arobaini na moja, Tuse ilitokea mara kumi na moja. Maji mara sita. Subi, jina lake la utotoni, halikutokea.

Tusekile alipotaka kuja Jumapili iliyofuata, Subilaga alimwandikia: "Mama amechoka. Nyimbo zile zinamchosha. Tumpumzishe mpaka baada ya utetezi wangu." Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Sawa, dada. Wewe ndiye unayekaa naye."

Wiki mbili zikapita hivyo. Mama alikonda. Bega lilichomoza kwenye gauni. Subilaga alibadili uji, akatia karanga, akatia maziwa, akasaga ndizi. "Nimeshiba, mwanangu," alijibiwa. "Nimeshiba." Uzee, akajisemea. Uzee na kiharusi.

*

Siku tatu kabla ya utetezi, mchana wa Jumatano, alifanya jambo ambalo hakulipanga. Faili la Kiitikio lilikuwa bado kwenye miwani yake, pamoja na programu yenyewe, maana msomaji alipewa vyote. Alizima Msemaji. Alifunga mlango wa mbele kama mwizi. Akakaa kwenye kigoda mbele ya mama yake, akakiwasha Kiitikio, na nia yake aliijua vizuri: alitaka lile koo litamke Subi. Mara moja tu. Kisha angekizima na asingemwambia mtu.

"Nani yu mlangoni?" Kiitikio kiliimba.

Mama alishtuka. Jicho likang'aa, likazunguka chumba kumtafuta mtu.

"Ni mimi, mama," Subilaga akanong'ona. "Niko mimi."

"Nani yu mlangoni?"

Mdomo ukafunguka upande mmoja. Dakika ikapita. Subilaga alikuwa anautazama ule mdomo kama mtu anayetazama chungu kichemke.

"Ji..." Mama akavuta pumzi. "Ji... no."

"Subi," Subilaga alimsahihisha, kama anavyowasahihisha watoto. "Sema Subi, mama."

Kiitikio hakikumsikiliza yeye. Kilirudia mstari, kikanyamaza, kikangoja.

"Jino." Safari hii lilitoka na tuni yake. Mkono wa kushoto ukapanda, ukajishika shavu, ukabaki pale. "Jino. Jino." Machozi yakaanza kutiririka kutoka jicho lililo zima, na mama akaendelea kuliimba neno lile moja kwenye wimbo ule wa kumenyea ndizi, kama mtu aliyepiga hodi siku nyingi na leo kafunguliwa.

Subilaga alimfumbua mdomo kwa vidole viwili. Harufu ndiyo iliyomjibu kwanza. Nyuma kabisa, chini, fizi ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi kama tunda bovu.

*

Daktari wa meno alikuwa kijana mwenye maneno machache. Alitoa usaha, akang'oa meno mawili, akamwekea mama dripu ya dawa. Baadaye alimwita Subilaga kando ya dirisha.

"Hili lina mwezi na zaidi. Uvimbe ulikuwa unaelekea shingoni. Ungemleta wiki ijayo, sijui." Akaangalia karatasi zake. "Unakaa naye nyumba moja?"

"Nakaa naye."

"Na hakusema kitu?"

Subilaga alitoka nje ya chumba. Alikaa kwenye benchi la korido, akavaa miwani, akazirudisha namba za uhakika alizozifuta miezi saba nyuma. Zote zilikuwa zimehifadhiwa. Mashine haitupi kitu. Katika wiki tano Msemaji alisema "nimeshiba" mara mia na nne. Uhakika: ishirini na mbili. Ishirini na moja. Ishirini na tatu. "Umenihangaikia mno": ishirini na moja. "Mungu akuzidishie": ishirini kamili. Kati ya baraka zote alizopewa na mama yake kwa miezi saba, hakuna iliyofika thelathini. Kulikuwa na sauti moja tu iliyovuka sitini, tena mara nyingi, na Msemaji aliiacha bila kuitafsiri kwa kuwa haikufanana na sentensi yoyote ya zamani. Akaigusa aisikie. Ilikuwa mguno.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo, na wala si kwa dakika moja. Mama angepona. Kizingiti angekipandisha kimyakimya, angesema ni toleo jipya. Tusekile angepita mwakani. Nani angeumia? Akawaza wale mia mbili, kila mmoja na mwanawe aliye hoi kwa uchovu, mwenye kiu ya kuambiwa asante, na kitufe cha kushusha namba kiko karibu na kidole chake.

*

Utetezi ulikuwa Jumamosi asubuhi. Watu mia tatu na zaidi walikuwa wamevaa miwani kuusikiliza. Jopo lilikaa mbele, Dokta Nekesa katikati, pembeni yake mama mmoja mnene aliyezungumza kwa niaba ya zile hospitali. Subilaga aliwaona wote wameketi ndani ya sebule yake, kati ya kabati na pazia. Mama alikuwa kitini pake, shavu bado na bandeji, vifungo viwili mahali pavyo.

"Mwalimu Subilaga, tuanze," Dokta Nekesa alisema. "Tungependa kwanza tumsikie mgonjwa."

"Mtamsikia," alisema Subilaga. "Lakini kizingiti nimekirudisha sitini, kama mwongozo unavyotaka." Akamgeukia mama. "Mama, umeamkaje?"

Wakangoja. Jogoo wa jirani akawika. Mtu mmoja kule nyuma akakohoa, na bado wakangoja. Kisanduku juu ya meza kilikaa kimya kabisa.

"Kuna hitilafu?" aliuliza yule mama wa hospitali.

"Hakuna. Hiki ndicho kinachokijua kwa hakika." Subilaga alizionyesha zile namba, sentensi kwa sentensi, na picha ya fizi aliyopewa na daktari. Alieleza habari ya ishirini. Mwisho akafika kwenye nimeshiba.

"Kwa hiyo kifaa hiki kinaongopa?" yule mama wa hospitali aliuliza.

"Kinakisia, mama yangu. Aliyeongopa ni mimi. Nilishusha namba mpaka nikasikia nilichokitaka."

Kukawa na manung'uniko. Dokta Nekesa aliinua mkono. "Mwalimu, umefanya vyema kusema. Tunaweza kukupa muda urekebishe..."

"Kuna lingine," Subilaga alimkatiza. Alikuwa amemwona Tusekile, amekaa safu ya tatu, mikono mapajani. Alimtazama huku akisema. "Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kusahihisha. Nilimtambua mwenyewe. Nikasema simtambui, nikamkata. Kazi ile ndiyo iliyonionyesha jino la mama. Inaitwa Kiitikio."

"Unaelewa kwamba haya yanarekodiwa?" Dokta Nekesa aliuliza.

"Naelewa."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Alikuwa na sababu za kitaaluma, zote zimepangika kichwani. "Kwa wivu," alisema.

Safu ya tatu, kiti kimoja kikawa kitupu. Tusekile alikuwa ameivua miwani.

*

Chuo kilimsimamisha Subilaga miaka miwili. Msemaji aliondolewa kwenye orodha, na zile hospitali zikaomba kuiona kazi nyingine. Kiitikio kilipewa wasomaji wapya, wote watatu wakakipitisha.

Tusekile alikaa wiki tatu bila kupiga simu. Alipokuja alikuja na gari la kukodi na godoro jembamba nyuma. Hakukaa.

"Angekuwa mtu baki ningemsamehe siku ileile," alisema, amesimama mlangoni. "Ulinishika bega, dada. Jikoni pale. Ulijua, ukanishika bega."

"Ndiyo."

"Nimekuja kumchukua mama. Nimepata chumba cha pili Mbeya."

Subilaga alihisi ule wivu wa zamani unamkwea kifuani kwa kucha. Alitaka kusema: nani aliyemwogesha? Alitaka kuhesabu ndoo zote. "Tumuulize mwenyewe," alisema. "Kwa mashine yako."

Wakakaa wote wawili mbele ya mama, mmoja huku, mmoja kule. Tusekile hakukiachia Kiitikio kiimbe. Aliimba mwenyewe, akakiacha kisikilize tu. Tuni ilikuwa ileile, maneno mapya:

"Utakaa wapi, mama, utakaa wapi?"

Akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote ambavyo Subilaga amewahi kukaa ndani yake. Aliomba Mungu jibu liwe "hapa", akajua kwamba mwenzake amefumba macho anaomba "Mbeya". Mama aliwatazama. Mdomo ukajikusanya.

"Kwa..."

Wote wawili wakainama mbele.

"Kwa... ngu."

Tusekile akarudia swali, sauti imempungua. Jibu likaja upesi zaidi, na ndani yake mlikuwa na hasira ya mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Kwangu. Lwa... ngwa."

Nyumba ya Lwangwa ilikuwa imefungwa tangu kiharusi. Jirani alikuwa anafugia kuku jikoni. Msemaji alikuwa amekwisha kuwaambia, sijui mara ngapi, "Hapa pananitosha, wanangu," na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

"Na nani akae nawe?" Subilaga aliuliza kwa maneno makavu, bila kuimba.

Mama alimtazama yeye, akamtazama Tusekile, akafumba macho. Walingoja. Kiitikio kikangoja pamoja nao. Baada ya muda mrefu Tusekile akakizima.

"Hajajibu," alisema.

"Hajajibu," Subilaga akakubali.

Ikabidi waamue wenyewe. Waliongea mpaka uji ukapoa, kwa ukali mwanzoni, kisha kwa uchovu. Subilaga aliomba uhamisho, akapata shule ya jirani na Lwangwa mwanzoni mwa muhula. Tusekile alichukua Ijumaa hadi Jumapili. Kuku walitolewa, bati likazibwa, kitanda cha mama kikawekwa pale alipoweza kuona mgomba wake wa kwanza.

Wivu haukumtoka Subilaga, alihama nao. Jumapili moja alirudi kutoka kanisani mapema, akawasikia ndani, sauti ile nene ya Tusekile na ile kavu ikiifuata kwa nyuma, wakicheka mahali fulani katikati ya ubeti. Jina lililoitikiwa lilikuwa Tuse. Kisu kikampita moyoni, palepale kinapopita siku zote. Aliingia jikoni, akapuliza moto, akakoroga uji na kuuonja kama una moto sana kwa fizi zinazopona. Kisha akasimama nyuma ya mlango na bakuli mkononi, akangoja wimbo uishe ndipo akaingia.